Meneja Peke Yake Hatakiokoa Chuo Kikuu

Mgomo wa wahadhiri uliofunga madarasa ya vyuo vikuu vya umma kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, 2025 ulikwisha kwa makubaliano kwamba serikali italipa kwa awamu mbili deni la Sh7.9 bilioni lililotokana na mkataba wa maslahi wa 2017-2021. Hapa Malindi wazazi wengi wana watoto Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi, na wengine wamewapeleka hadi Eldoret, Njoro na Maseno. Kwa hiyo mgomo ule uliingia majumbani: vijana walirudi na mabegi yao, kodi za vyumba walivyopanga huko zikaendelea kulipwa, na barazani hapakuwa na habari nyingine. Mazungumzo hayakuishia kwenye mishahara. Yaligeukia wakuu wa vyuo, na kauli iliyoshika ni kwamba vyuo vikuu vimekosa mabosi wa kweli. Waondolewe maprofesa ofisini, waletwe mameneja waliokomaa kwenye biashara, na mambo yatanyooka. Nimeisikia kauli hiyo kwa wenye hoteli, kwa walimu wastaafu na hata kwa wanafunzi. Hasira iliyoizaa naielewa, lakini imekosea ugonjwa. Chuo kikuu ni taasisi ambayo mamlaka yake yamegawanyika tangu msingi, kati ya wenye cheo na wenye elimu, na anayekiongoza kwa jicho moja tu, liwe la meneja au la profesa, hukwama. Wataalamu wa nadharia ya uongozi wa taasisi wamelieleza jambo hili kwa zaidi ya miaka 50. Sisi bado tunachagua wakuu wa vyuo kana kwamba halikusemwa.

Tuanze na mgomo wenyewe. Ni Naibu Chansela gani, yaani mkuu mtendaji wa chuo, angeweza kuuzuia? Mkataba wa wahadhiri hauandikwi chuo kwa chuo. Hujadiliwa kati ya vyama vya wafanyakazi na jukwaa la pamoja la mabaraza ya vyuo vikuu vya umma, Tume ya Mishahara hutoa ushauri wake, na fedha hutoka Hazina ya Taifa. Meneja hodari kuliko wote, angekalishwa Kilifi tarehe 16 Septemba, asingekuwa na hata shilingi moja ya deni lile mkononi mwake. Nalitaja hili mapema kwa sababu hoja ya bosi mkali inasimama juu ya dhana kwamba kila linalotokea chuoni linaanzia ofisi ya mkuu. Mengi huanzia nje ya lango, na kiongozi asiyejua lipi limeanzia wapi hutumia muda wake kuwaadhibu watu kwa makosa ambayo si yao.

Historia ya karibuni inathibitisha hivyo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mwaka 1998 kuwasajili wanafunzi wanaojilipia, vyuo vingine vikafuata, na kwa miaka karibu ishirini fedha hizo zilijenga majengo, zikaajiri watu na kufungua kampasi katika miji mingi, nyingine juu ya maduka na benki. Walioongoza vyuo wakati huo walisifiwa kwa kuona mbali. Kisha serikali ikadhibiti wizi wa mitihani ya KCSE. Mwaka 2015 watahiniwa 169,492 walipata alama ya C+ na zaidi, inayomfungulia mtu mlango wa chuo kikuu; mwaka 2016 walikuwa 88,929, na mwaka uliofuata wakapungua tena. Karibu kila aliyefuzu akapata nafasi ya kufadhiliwa na serikali, na soko la wanaojilipia likakauka. Wakuu walewale, au waliowarithi kwa mpango uleule, wakaitwa wazembe. Mei 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili unaompima mwanafunzi kwa hali ya nyumbani kwao, Mahakama Kuu ikaubatilisha Desemba 2024, na Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo mfumo ukaendelea kutumika. Nani anaweza kupanga bajeti ya miaka mitano katika hali hiyo kwa kutegemea ukali peke yake?

Nadharia inasema nini? Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Michael Cohen na James March, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wakuu wa vyuo 42 vya Marekani. Waliviita vyuo machafuko yaliyopangika, wala hawakuwa wakitukana. Walimaanisha mambo matatu. Malengo ya chuo hayakubaliwi na wote kwa namna moja, kwa kuwa mmoja anataka utafiti, mwingine ufundishaji, wa tatu ajira kwa vijana wa eneo lake. Njia ya kufikia malengo hayo haijulikani kwa uhakika, maana hakuna anayeweza kueleza hatua kwa hatua jinsi kijana wa miaka 19 anavyogeuka kuwa mhandisi mwenye busara. Na wanaoshiriki katika uamuzi hubadilika kila mara: leo mkutano umejaa, kesho waliokuja ni wengine na ajenda ni ileile. Miaka miwili baadaye Karl Weick akaonyesha kwamba sehemu za taasisi za elimu zimefungamana kwa kamba iliyolegea. Idara ya Kemia inaweza kuporomoka na ile ya Historia isitikisike, na waraka uliotoka ofisi ya mkuu unaweza kufika darasani ukiwa umepoteza nguvu yake yote. Naye Henry Mintzberg, mwaka 1979, akavitia vyuo vikuu pamoja na hospitali katika kundi la taasisi zinazotegemea wataalamu, ambamo kazi ya msingi hufanywa na watu wanaoijua kuliko wakubwa wao. Mkuu wa hospitali hamwelekezi daktari wa upasuaji akate wapi.

Maneno haya huonekana ya vitabuni mpaka uyaone yakimpata mtu. Binti wa jirani yangu hapa Maweni alisoma katika chuo kimoja cha umma, mbali na Pwani. Alifanya mtihani wa somo moja, akatia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, na matokeo yalipotoka mbele ya somo hilo palikuwa na kistari tu. Hilo ndilo tatizo la alama zilizopotea ambalo kila aliyepita chuo kikuu cha umma nchini analijua. Ofisi ya mitihani ilimwambia arudi idarani. Idarani wakampa namba ya simu ya mhadhiri. Mhadhiri alikuwa kibarua, mtu wa kulipwa kwa kila somo analofundisha. Alikuwa bado anadai malipo ya muhula ule, ameshahamia kufundisha mji mwingine, na makaratasi alikuwa nayo nyumbani. Mwenyekiti wa idara hakuwa na fungu la kumlipa wala uwezo wa kumwadhibu, na alipokuwa akiandika barua kwa mkuu wa kitivo, bodi ya watahini ilikuwa imeshakaa. Alama haitoki kwa mhadhiri ikaenda moja kwa moja kwa mwanafunzi. Hupita idarani, kwa mtahini wa nje, kwenye bodi ya kitivo, kisha Seneti, kikao kikuu cha wasomi wa chuo, ndiyo inayoipitisha. Ikikosa kikao kimoja hungoja kingine. Jina la binti yule halikuwamo katika orodha ya mahafali ya mwaka huo, na nafasi ya kazi aliyokuwa ameahidiwa Mombasa akapewa mwenzake.

Sasa mkalishe pale meneja stadi kutoka benki. Atatoa waraka: alama zote ziwasilishwe ndani ya siku 14, atakayechelewa atachukuliwa hatua. Wahadhiri wa kudumu watatii, lakini hao sio tatizo kubwa. Kibarua hatauona waraka. Na kama hatua ikichukuliwa asiitwe tena kufundisha, makaratasi ya wanafunzi yatabaki nyumbani kwake milele. Anayeujua mfumo ulivyolegea angeanza kwingine. Angewapa wenyeviti wa idara fungu dogo la kuwalipa vibarua mara tu wanapokabidhi alama, akaagiza makaratasi yasahihishiwe chuoni, na akaweka daftari moja linaloonyesha kila wiki somo gani halijaleta alama, ili tatizo lionekane kabla ya kikao cha bodi badala ya baada yake. Hakuna ukali mkubwa katika hayo. Kuna kujua jambo hukwama wapi.

Wanaotaka mameneja wana hoja mbili nzito ambazo haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni fedha. Vyuo vikuu vya umma vinadaiwa mabilioni ya shilingi, na sehemu ya deni hilo ni makato ya wafanyakazi wenyewe, yaani kodi, pensheni na michango ya vyama vya akiba iliyokatwa kwenye mishahara isifikishwe inakotakiwa. Mfanyakazi anayestaafu akakuta pensheni yake haikuwahi kuwasilishwa hana haja na nadharia ya mtu yeyote. Hapo panahitajika mtu anayejua hesabu na anayeweza kukataa, na profesa wa fizikia hapati ujuzi huo kwa kuwa profesa. Ya pili ni ukubwa wa utawala. Vyuo vingi vimejaza vyeo vinavyofanana, kamati juu ya kamati. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifuta vyuo vyake vya ndani pamoja na vyeo vya wakuu wake, na kukusanya shughuli zote za masomo katika vitivo 11. Nia naiona ilikuwa njema. Lakini mageuzi hayo yalitangazwa kutoka juu na mara moja yakafikishwa mahakamani, kwa malalamiko kwamba waliopaswa kushirikishwa hawakushirikishwa. Ramani nzuri ya utawala ikachelewa kwa sababu aliyeichora alisahau kwamba chuo pia ni uwanja wa siasa, wenye makundi yanayojua haki zao.

Hoja yao iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: kwamba mfanyakazi ni mfanyakazi, na asiyetii afukuzwe, kama inavyofanyika hotelini. Malindi ni mji wa hoteli, na ulinganisho huo huja upesi. Utazame basi kwa makini. Meneja wa hoteli ya ufukweni anajua kufikia usiku kama siku ilikuwa njema. Vyumba vingapi vimejaa, wageni wamelalamika nini, jikoni kumeharibika kiasi gani, yote yako mbele yake. Mpishi akiondoka Jumatatu, Ijumaa atapata mwingine. Chuo kikuu hakijui kufikia jioni kama kimefundisha vizuri. Pengine kitajua baada ya miaka kumi, daraja alilojenga mhitimu wake likisimama au likianguka. Mhadhiri pekee wa magonjwa ya samaki akifukuzwa katikati ya muhula, darasa lake linakufa, na wanafunzi wake wa uzamili wanapoteza miaka. Zaidi ya hayo, thamani ya cheti inatokana na mtu huyo kuwa huru kumfelisha mtoto wa mkubwa. Ukimfanya atii kila amri utaipata amri yako, na cheti utakuwa umekiua.

Upande wa pili nao una lake. Wahadhiri wengi husema waachiwe chuo chao, wachaguane wenyewe na waamue kwa mashauriano, kama desturi ya wasomi ilivyo tangu zamani. Ninaiheshimu desturi hiyo. Robert Birnbaum, aliyewahi kuongoza chuo kikuu huko Oshkosh, Wisconsin, kabla ya kuandika juu ya uongozi wa vyuo, aliuhesabu mtindo huu wa udugu wa kitaaluma kuwa mmoja kati ya minne, pamoja na ule wa urasimu, wa siasa na wa machafuko yaliyopangika. Alibainisha pia kwamba udugu huo hustawi pale watu ni wachache kiasi cha kufahamiana na kukutana mara kwa mara. Vyuo vyetu vina maelfu ya wafanyakazi, na wasio wahadhiri, yaani makarani, mafundi wa maabara na walinzi, hawamo katika udugu huo hata kidogo. Tena mashauriano ya wachache hugeuka kwa urahisi kuwa upendeleo. Ukaguzi wa Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, umeonyesha jinsi ajira katika vyuo vya umma zinavyoelemea jamii chache, mara nyingi zile zinazozunguka chuo au za wakubwa wake. Sisi watu wa Pwani tumelalamikia hilo kwa haki, lakini nasi kila nafasi ya uongozi ikitangazwa Kilifi tunasikia wanasiasa wakisimama kudai apewe mtoto wa nyumbani, na maswali juu ya kazi yenyewe hayaulizwi. Uwenyeji una uzito wake, kwa kuwa kiongozi anayeaminiwa na jamii inayomzunguka hupata ardhi, ushirikiano na amani. Ukiwa kigezo pekee, huzaa Seneti inayonyamaza.

Jambo ambalo Birnbaum na wenzake walilisisitiza, na ambalo nadhani ndilo muhimu kuliko yote, ni kwamba mitindo hii yote minne huishi ndani ya chuo kimoja kwa wakati mmoja. Ofisi ya fedha inahitaji urasimu ulionyooka. Mtaala unahitaji mashauriano ya wanaoujua. Bajeti ni siasa, utake usitake. Kuna pia upande wa ishara, ambao mameneja huudharau na vyuo vyetu huutumia vibaya. Pita kwenye lango la taasisi ya umma yoyote nchini utaona bango la ahadi za huduma: huduma hii, masharti haya, ada kiasi hiki, muda siku kadhaa. Ndani, ukutani, kuna cheti cha ISO, cha viwango vya ubora, ndani ya fremu. John Meyer na Brian Rowan waliandika mwaka 1977 kwamba taasisi hujivika mavazi kama hayo ili zikubalike kwa wakubwa na umma, huku kazi yenyewe ikiendelea kama zamani nyuma ya pazia. Mwanafunzi anayengojea nakala rasmi ya matokeo yake kwa miezi, huku bango likimwahidi siku chache, hujifunza kwamba neno la chuo halina maana. Hasara hiyo haiandikwi katika hesabu yoyote, nami naiona kubwa kuliko madeni mengine.

Wanaodhani elimu hii ni ya kigeni watazame Lamu. Msikiti wa Riyadha pamoja na chuo chake vimefundisha kwa zaidi ya karne moja, kabla ya chuo kikuu chochote nchini. Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija, alifungua milango ya elimu upande wa Langoni kwa watu ambao mji wa waungwana uliwaona wa chini, wakiwemo waliokuwa watumwa na wazao wao. Wenye hadhi hawakupendezwa, na upinzani haukuwa mdogo. Angekuwa mtu wa amri tu angeshindwa, maana hakuwa na amri juu yao. Alijenga kundi lake pole kwa pole, akasoma nasaba na heshima za mji, na maulidi ya Riyadha yakawa mkusanyiko unaowavuta watu kutoka Afrika Mashariki nzima. Wanafunzi walipomaliza walikwenda kufungua madrasa zao mbali na kuendelea kujihesabu watu wa Riyadha, ingawa hakuna waraka uliowafunga. Sisemi chuo kikuu cha umma kiongozwe hivyo. Riyadha imebebwa na ukoo na imani, na haina wafanyakazi mamia wanaongoja mshahara mwisho wa mwezi. Ninachosema ni kwamba ishara, siasa za mji na elimu vilishikwa na mkono mmoja uliojua tofauti yake, na taasisi ikadumu baada ya mwanzilishi kufariki.

Haya yakikubaliwa, kuna mambo ya kubadilisha. Tangu marekebisho ya sheria ya 2018 Tume ya Utumishi wa Umma imekuwa na sauti kubwa katika kuwasaili wanaotaka kuwa Naibu Chansela, na usaili huo umeelemea vyeti, miaka ya uprofesa na mpango mkakati ulioandikwa vizuri. Waombaji wapewe matukio halisi. Waulizwe wangefanyaje Seneti ikikataa kufunga programu isiyo na wanafunzi huku Baraza la Chuo likiwa limeshaamua ifungwe. Waulizwe ni uamuzi gani wangeuacha mikononi mwa idara na kwa nini. Majibu yataonyesha nani anaona taasisi nzima na nani anaona kiti tu. Baraza nalo, ambalo wajumbe wake huteuliwa na waziri, liache kuingia kwenye ajira za makarani na lisimamie makato ya wafanyakazi, kwa sababu huko ndiko fedha zinakopotelea. Mameneja tunaowataka wawekwe pale kazi yao inapohitajika kweli: fedha, ununuzi, majengo, mifumo ya kompyuta, wakiwa na mamlaka kamili ambayo hata profesa mkuu hawezi kuyapita.

Lakini uwekezaji mkubwa uwe kwa wenyeviti wa idara. Leo mhadhiri hupewa uenyekiti kwa zamu au kwa barua, bila mafunzo hata ya wiki moja, na hapo ndipo kila kitu hukutana: ratiba, vibarua, alama, malalamiko ya wanafunzi, ugomvi wa wahadhiri. Kozi za uongozi huandaliwa kwa ajili ya wakubwa, hotelini. Zingeandaliwa kwa hawa, pamoja na karani mmoja wa kudumu na fungu wanaloweza kulitumia bila sahihi tano, shida nyingi zinazopanda hadi kwa Naibu Chansela zingekwisha chini.

Kwa Lamu swali hili halijachelewa. Gati ya kwanza ya bandari mpya ilifunguliwa Mei 2021, vijana wa Amu, Faza na Mpeketoni wanahitaji mafunzo ya juu ya ubaharia, uvuvi na uhandisi, na siku moja chuo kamili kitadaiwa kwa nguvu. Siku hiyo wabunge watazungumzia ekari na jengo. Wazee, wazazi na walimu wa kaunti waingie mkutanoni na maswali mengine: nani ataamua mtaala, wavuvi na mabaharia watakaa kwenye kamati ipi, kibarua atalipwa lini, na mwenyekiti wa idara atakuwa na uwezo gani mkononi. Majibu yaandikwe katika kanuni za chuo kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, kwa kuwa baada ya watu kuajiriwa, kila mabadiliko yatapitia mahakamani.